MITA YA UMEME NA SIRI YA NYUMBA



Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa miaka mingi mita ya umeme ilikuwa kama kata hiyo: iliijua siri ya mtungi, lakini haikuwa na ulimi. Msomaji wa mita alipita mara moja kwa mwezi, akanakili tarakimu, akaenda zake. Alijua umeme uliotumika ni kiasi gani. Hakujua umetumika saa ngapi. Leo, katika nchi nyingi, kata imepewa ulimi. Swali linalowapasa wananchi kuliuliza ni hili: nani ana haki ya kuisikiliza?

Mita janja hupima matumizi kwa vipindi vifupi, aghalabu kila dakika 15 au kila saa, na kuvipeleka vipimo hivyo kwa shirika la umeme kwa mawimbi ya simu, au hata kwa kupitia waya zenyewe za umeme. Manufaa yake si haba. Shirika huona mahali umeme ulipokatika bila kungoja malalamiko. Wizi hugundulika upesi. Bili za kukisia hutoweka. Na bei yaweza kupunguzwa saa ambazo mahitaji ni madogo. Kuyabeza manufaa hayo ni kukosa haki.

Lakini umeme una mwendo wake. Jokofu huwaka na kuzimika kwa mpigo wake. Pasi huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Taa huwaka watu wanaporejea. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani, George Hart, na wenzake katika chuo cha MIT walionyesha kwamba mtu aweza kupima umeme akiwa nje ya nyumba na kutambua vyombo vinavyowashwa ndani. Mwaka 1989 Hart huyo huyo aliandika kuonya kwamba maarifa hayo yaweza kugeuzwa kuwa chombo cha upelelezi. Ni kweli kwamba vipimo vya kila dakika 15 havitoshi kulitaja kila birika. Hata hivyo vyatosha kabisa kueleza watu wa nyumba hulala saa ngapi, huamka saa ngapi, na ni siku zipi nyumba haina mtu.

Uholanzi ililivalia njuga jambo hili mapema. Serikali yake ilipeleka Bungeni muswada wa kuilazimu kila nyumba kuwekewa mita janja. Umeme ungepimwa kila dakika 15 na gesi kila saa, na ambaye angekataa angetenda kosa la kuadhibiwa. Chama cha watumiaji, Consumentenbond, kikawaomba wataalamu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Tilburg wauchambue muswada huo. Mwaka 2008 walitoa rai kwamba ulikiuka haki ya faragha iliyomo katika Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Aprili 2009 Seneti ikakataa kuupitisha jinsi ulivyokuwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2011 ilimpa mwenye nyumba uhuru wa kuikataa mita hiyo, au kuipokea na kutaka isisomwe kutoka mbali. Je, mpango ulikufa? La hasha. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi sana ziliipokea mita hiyo.

Nchini Marekani wakazi wa mji wa Naperville, jimbo la Illinois, waliishitaki halmashauri yao. Agosti 2018 Mahakama ya Rufaa ilitamka kwamba kukusanya vipimo vya kila dakika 15 kutoka nyumbani ni upekuzi kwa maana ya Katiba. Iliuona upekuzi huo kuwa wa halali, kwa kuwa shabaha yake ni kuendesha huduma, si kumtia mtu hatiani. Lakini ikaonya kwamba hukumu ingeweza kuwa nyingine kama vipindi vingefupishwa, au kama polisi wangevipata vipimo hivyo kwa urahisi.

Hapa Tanzania mita ya LUKU iliyozoeleka haina ulimi wa namna hiyo. Mteja hununua umeme, hupewa tarakimu 20, huziingiza kwa kidole chake. Muuzaji hujua kilichonunuliwa. Hajui pasi imewashwa lini. Lakini LUKU imetoa fundisho jingine. Kila fungu la tarakimu hubeba hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilikwisha tarehe 24 Novemba, 2024. Kabla ya siku hiyo TANESCO iliwataka wateja waingize tarakimu za ziada ili mita zao ziendelee kupokea umeme. Basi uamuzi uliofanywa na wahandisi wachache ulibisha hodi katika kila nyumba yenye mita hiyo baada ya miaka 31. Mita ikishafungwa ukutani hukaa muda mrefu. Na masharti iliyofungwa nayo hukaa nayo.

Kwa hiyo wakati wa kuuliza ni kabla ya kufunga. Msingi upo. Ibara ya 16 ya Katiba hulinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hudai taarifa zikusanywe kwa shabaha halali iliyoelezwa. Lakini sheria haijisomi. Mtumishi wa umma anayeandika zabuni ya mita ndiye atakayeamua kama mkataba utataja vipimo ni vya kila muda gani, vitahifadhiwa kwa siku ngapi, na nani atavifungua kwa idhini ya nani. Mwalimu ndiye atakayemfundisha mwanafunzi kuuliza maswali hayo juu ya kamera, televisheni na kila chombo cha nyumbani kinachounganishwa na intaneti.

Taifa lahitaji umeme wa uhakika na hesabu zilizo sahihi, na mita iliyo bora itasaidia. Mwananchi naye ana haki ya kujua mita yake inasema nini, na kwa nani.