Habari za Shule? Nzuri!

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyoyatoa mbele ya wazazi na vijana baada ya swala ya Alasiri)



 Masheikh wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu mlioegemea ukuta huko nyuma, Ramadhan Kareem.

Nilipoambiwa nije nizungumze juu ya shule ya msingi, kusema kweli nilivunjika moyo kidogo. Wenzangu wamepewa mada nzito nzito: ndoa, dawa za kulevya, mirathi. Mimi nimepewa kengele na chaki! Lakini nikakumbuka jambo lililotokea nyumbani kwetu, nikasema hapana, hii mada ni yangu. Mama amenipa ruhusa nilisimulie. Babangu yuko hapa mbele, ananitazama, lakini naye pia ameniruhusu.

Sote twamuuliza mtoto akirudi: "Habari za shule?" Naye hujibu: "Nzuri." Basi, imekwisha. Mkoba unatupwa kitini, sare inavuliwa, kanzu inavaliwa, huyoo madrasa. Sisi twajiona tumemuuliza mtoto.

Mdogo wangu wa mwisho, mwaka 2025, alikuwa gredi ya nne. Kwa hifdhi, mashaallah, mtoto hana mchezo. Juzuu Amma yote kichwani. Jirani akija, anaitwa asome, anapewa shilingi ishirini. Na vitabu vya shule hivyo hivyo: ukimwambia hebu soma, anafungua kitabu, anatiririka ukurasa mzima bila kukwama. Mama akisema, "Yuwasoma vizuri huyu, si kama nyinyi."

Ramadhan ya mwaka huo ilianza mwezi wa tatu, nami nilikuwa nyumbani. Siku moja kabla ya futari nikamtuma dukani. Nikamwandikia kwenye kikaratasi vitu vitano, kwa Kiswahili, maana nilijua kichwa chake kitakuwa kwenye mpira njiani. Akakitazama kile kikaratasi, akanirudishia. "Kaka, niambie tu kwa mdomo, nitashika." Nikamwambia soma. Akanyamaza. Nikadhani ni saumu, mtoto amechoka. Nikamwambia soma cha kwanza tu. Nilikuwa nimeandika "ng'onda". Wallahi hakuweza. Cha pili "mchele". Akakisia: "mkate?"

Nikachukua kitabu chake cha shule, kile anachotiririka nacho. Nikaziba picha kwa kiganja. Akakwama. Nikatoa kiganja, akaendelea. Jamani, mtoto alikuwa hasomi! Alikuwa amezihifadhi zile kurasa kwa kuzisikia wenzake wakiziimba darasani, na picha ndizo zilizokuwa zikimwambia ni ukurasa gani. Usiku baada ya tarawehe nikamfungulia msahafu. Sauti ilikuwa iko kwenye aya moja na kidole kiko kwenye aya nyingine.

Huyu ni ndugu yangu, nami ndiye msomi wa nyumba. Dayari yake ya shule nimeitia sahihi mara ngapi, kila nikiwa likizo? Naitia sahihi nimesimama, huku natazama simu.

Sasa msianze kumlaumu mwalimu. Hata mimi nilianza hapo. Asubuhi nilikwenda shuleni na hasira zangu zote, nikamkuta mwalimu wa darasa, mama mmoja mpole, si Muislamu, na alikuwa amewatoa watoto wanaofunga juani amewakalisha upande wenye kivuli. Nikaona aibu hata kuinua sauti. Akafungua faili, akanionyesha. Ripoti ya mwaka uliotangulia ilisema katika kusoma mtoto "anakaribia matarajio". Ripoti hiyo tuliipokea nyumbani! Na najua tulivyoipokea. Mama aliuliza, "Amekuwa wa ngapi?" Tukamwambia siku hizi hakuna namba, lakini yuakaribia. Akasema alhamdulillah, kukaribia si kubaya. Katika mfumo huu mpya kuna ngazi nne, na kukaribia ni ya pili kutoka chini. Sisi tuliokulia kwenye 8-4-4 tulizoea namba. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na masikio yetu bado yanasubiri namba.

Basi nikarudi nyumbani, nikakaa na yule mtoto, nikamuuliza ilikuwaje. Akanambia jambo ambalo lilinikata maini. "Si niliwaambia? Mwalimu wetu hakuwako."

Na kweli alituambia. Mwaka 2023, akiwa gredi ya pili, alikuja akasema kwenye chakula cha usiku kwamba mwalimu wao amekwenda kujifungua na wao wamechanganywa na darasa jingine, na yeye anakaa nyuma kabisa na madawati hayatoshi. Nakumbuka hata sisi tulicheka, maana aliigiza vile wanavyobanana. Mwaka huo ndio gredi ya saba ilipowekwa ndani ya shule za msingi, na darasa la nane la mwisho bado lilikuwa pale pale. Shule nyingi zilibanwa vyumba na walimu. Katika lile darasa walikuwa themanini na kitu. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Fanyeni hesabu wenyewe: hata mwalimu asipogeuka kuandika ubaoni, kila mtoto anapata sekunde ishirini na mbili. Mtoto aliyejaaliwa kuhifadhi, katika darasa kama lile, ataimba na wenzake na hakuna atakayejua.

Ile ndiyo habari ya shule. Ililetwa mezani, ikaliwa pamoja na muhogo.

Wazee wangu, siku ya mtoto wa shule ni ndefu kuliko tunavyodhani, hasa mwezi huu. Miaka hii ya karibuni, 2024, 2025 na 2026, Ramadhan imeangukia muhula wa kwanza, shule ziko wazi. Mtoto anaamshwa daku, hata kama amefunga ya nusu siku tu, yataka aamke maana hapo ndipo penye raha. Halafu gwaride, bendera, rejista. Kisheria masomo ni kutoka saa mbili mpaka saa tisa na nusu, kisha michezo. Wakati wa chakula cha mchana wenziwe wanafungua vyombo, yeye anazunguka uwanjani anajifanya hana habari. Kuna mmoja mtaani kwetu, gredi ya kwanza, alirudi akasema amefunga mbili kwa siku moja, maana amefunga kabla ya chakula na baada ya chakula. Kisha madrasa, kisha futari, kisha anataka kwenda tarawehe kuonekana mkubwa. Mtoto wa namna hii ukimuuliza "habari za shule" kwa ujumla hivyo atakwambia nzuri ili umwachilie alale.

Kwa hivyo sisi nyumbani tulibadilisha swali. Mwezi huu ndio pekee ambao baba, anayefanya kazi za zamu bandarini, na mama na sote tunakaa mkekani kwa wakati mmoja. Miezi mingine baba akirudi watoto wamelala. Tulikubaliana, baada ya kufuturu na kuswali Magharib, uji ukiwa bado wa moto, kila mtoto aseme kitu kimoja kilichotokea shuleni leo. Nani alikuwa mwalimu wa zamu? Mlikaa na nani? Kipindi cha Kiswahili mlifanya nini? Na mkubwa yeyote asikate maneno. Hili la mwisho ndilo gumu, mama atanisamehe.

Yaliyotoka ni mengi. Kwamba mfereji wa choo cha wasichana umekatika tangu wiki ya pili. Kwamba kuna siku ya dawa ya minyoo na dada yangu amejificha, kwa sababu ameambiwa na mtu hapa mtaani kuwa ile dawa ina mambo. Hiyo dawa imekuwa ikitolewa katika shule za kaunti zetu za Pwani kwa miaka mingi. Kama mtoto amefunga, mzazi azungumze na mwalimu mapema wajue itakuwaje, si kumficha mtoto chooni. Na kwamba kipindi cha IRE mara nyingine hakifanyiki kwa kuwa mwalimu wake ni mmoja kwa shule nzima. Hili nalo nalisema kwa vijana wenzangu wanaosomea ualimu: mnataka nyote masomo ya sekondari, huku chini atasomesha nani?

Mtasema, shule ni ya serikali, serikali inalipa. Inalipa. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, watoto walijaa mpaka chini ya miti. Hata Mzee Kimani Maruge akajiandikisha darasa la kwanza mwaka uliofuata akiwa na miaka 84. Kiwango kilichowekwa kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Igawanye kwa siku 190 hivi za masomo. Ni shilingi saba na nusu kwa siku. Hamri moja ya mama ni shilingi kumi. Sisemi haya kuilaumu serikali wala kuitetea. Nasema mjue mfuko una nini ndani kabla ya kwenda kumgombeza mwalimu mkuu kwa sababu ya chaki.

Na kwenda shuleni kunatakikana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamfanya kila mzazi kuwa mwanachama wa chama cha wazazi cha shule ya mtoto wake. Kwenye bodi ya shule kuna nafasi sita za wazazi. Sita! Lakini ukiitwa mkutano, akina mama wawili watatu ndio wanaokwenda, na sisi wanaume tunasikia maamuzi barazani na kuyapinga hapo hapo barazani, kahawa mkononi.

Narudi kwa mdogo wangu, najua mwataka kujua.

Kulikuwa na watu wa Uwezo, walioanza kazi Kenya mwaka 2009. Hawakutosheka na alama za shule. Walipita nyumba kwa nyumba, wakimpa mtoto herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Wakakuta wengi wa darasa la tatu hadithi ile hawaiwezi. Nikaiga njia yao. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu, ili asiwe ameisikia popote. Herufi alizijua zote. Baba, kuku, meza, sawa. Ikifika "mb", "ny", "mw", "ng'", hapo ndipo mlango unafungwa. Alikuwa ameachwa gredi ya pili, mahali pale pale alipotuambia.

Nikamwendea ustadhi wake. Ustadhi alinyamaza sana, kisha akasema hata yeye hakuwahi kukitazama kidole, alikuwa anasikiliza sauti. Tukaanza upya sote wawili. Yeye alimrudisha kwenye irabu, be fat-ha ba, be kasra bi, be dhumma bu, nami jioni namfanyia vivyo hivyo kwa Kiswahili: mwa, mwe, mwi, nya, nye, nyi. Mtoto akacheka, akasema, "Kaka, kumbe ni kitu kimoja." Robo saa kila siku, baada ya Alasiri, kabla hajachoka kabisa. Zile wiki za kwanza alilia mara mbili, maana wadogo wa jirani walimwona akisoma vitabu vya chini. Tukahamia ndani, tukafunga mlango.

Haikwisha Ramadhan ile. Ilichukua mpaka muhula wa tatu. Sasa yuko gredi ya tano, anasoma polepole, na maneno marefu bado yanamtoa jasho. Juzi alinisomea jina la kampuni kwenye boksi la tende, akakosea, akarudia peke yake bila kuambiwa.

Muadhini ameanza kutazama saa, na mimi namwogopa. Niseme lililonileta. Sisi vijana wa jumuiya tutakaa hapa nje, kwenye varanda, kila Jumamosi baada ya Adhuhuri mpaka shule zifungwe. Hatuna pesa za kugawa wala hatufanyi tuisheni. Mtoto wa gredi ya pili mpaka ya sita aje na daftari lake na kitabu kimoja, tutaziba picha, tutamsikiliza mmoja mmoja, pembeni, asione haya. Na mzazi aje naye, baba ikiwezekana. Akina dada wamekubali kukaa na wasichana upande wa madrasa. Anayejua kusomesha silabi ajiandikishe kwa katibu hapo mlangoni. Nyinyi wa ukutani, nawaona, tunahitaji watu wanane na mpaka sasa tuko watano.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.