Tutembee kwa ajili ya askari asiyeandikwa

Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanya kazi na watu wa mji, Lubumbashi

Wandugu, wamama, na ninyi vijana,

Kazi yangu munaijua. Kila asubuhi ninaandika majina ya watu wanaoingia kazini. Mtu asiyeandikwa, mwisho wa mwezi hapati kitu, hata kama alitoka jasho sawa na wenzake.

Leo ninasema juu ya watu waliofanya kazi kubwa, na majina yao hayasomwi. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakapita Sudani, wakaingia inchi ya Abisinia kupigana na Waitalia. Walikwenda kwa mashua, kwa magari na kwa miguu, pamoja na wapagazi wao. Tarehe 11 Machi walikamata Asosa. Tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwao kule Saio, mji unaoitwa leo Dembidolo. Wengine wetu hawakurudi: huyu alikufa kwa risasi, huyu kwa ugonjwa. Jina la Saio liko kwa kambi ya askari ya Bukavu. Jina la mtu aliyezikwa Saio, nani kati yetu analijua?

Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku kule Kinshasa. Ni vizuri. Lakini mzee huyo Mungu alimjalia kuishi hata siku ile. Waliokufa, nani atawasimamia?

Ninajua mutaniuliza: «Karani, si askari wa jeshi lile lile waliopiga wafanya kazi risasi hapa kwetu, tarehe 9 Desemba 1941, walipodai mshahara?» Swali hilo ni la haki. Waliouawa ni wazee wetu, wala siwaombi munyamaze. Lakini angalieni: aliyeanguka Saio mwezi wa saba hakupiga mtu hapa mwezi wa kumi na mbili. Naye alitoka kijijini, naye alipewa amri. Serikali moja iliwatumikisha wote wawili, huyu kwa bunduki, huyu kwa shaba.

Kwa hiyo ninawaomba: tarehe 3 Julai, asubuhi mapema, tutembee pamoja. Tuanze Katuba, tupite Kenya na Kamalondo, tuingie mjini. Pasiwe ngoma wala bendera ya chama. Kila jamaa iulize wazee wake: nani alikwenda vitani? Nani alikufa siku ya mgomo? Muniletee majina. Nitayaandika katika kitabu kimoja, askari, mpagazi na mfanya kazi, na njiani tutayasoma kwa sauti.

Katika jamaa ya mama yangu yuko mmoja aliyekwenda vita ile asirudi. Mimi ninayeandika majina ya watu kila siku, jina lake sikuliuliza, mpaka nkambo aliyelijua akafariki. Katika kitabu kile mstari wake utabaki mtupu.

Ninyi mulio na wazee nyumbani, musikawie kama mimi. Waulizeni leo usiku.