Mzee Akianza Kusahau, Apimwe

Mzazi akianza kupotea njia ya sokoni, tusiseme ni uzee tu, wala tusimwite mchawi. Tumpeleke hospitali. Kuna kipimo kiitwacho Mini-Cog, cha dakika 3 hivi: anatajiwa maneno matatu, anachora saa, kisha anaulizwa yale maneno. Alama zote ni 5. Akipata chini ya 3, achunguzwe zaidi.

Lakini jamani, nyanya ambaye hajawahi kushika kalamu anaweza kushindwa kuchora saa na akili yake ni timamu. Mwambieni daktari kama alienda shule, na dawa anazomeza. Kusahau kwaweza pia kuletwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 au huzuni nzito. Hayo yanatibika. Tusichelewe.