Gorogoro na Mizani Mpakani

Kwa wakazi wa Dabani, upande wa Uganda, soko la Busia liko karibu, na mahindi huvuka mpaka kwenda Kenya. Nchini Kenya, gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 90. Rejareja hupimwa kwa gorogoro, mkebe unaokadiriwa kubeba kilo 2.

Mkebe una wapenzi wake, na wana sababu. Mnunuzi huuona ukijaa mbele ya macho yake, hata akiwa hajui kusoma mizani.

Lakini mkebe hupima ujazo, si uzito. Kitako kikibonyezwa kwa ndani, mnunuzi hupunjwa. Ukijazwa kwa kilele badala ya mfuto, muuzaji ndiye anayepoteza.

Serikali zote mbili zinatambua kilo. Nchini Uganda, mizani ya biashara hukaguliwa na Shirika la Viwango, UNBS.

Msikilizaji, kagua kitako cha mkebe kabla haujajazwa. Ukiuza kwa gunia, dai mizani iliyokaguliwa, na hakikisha inaanzia sifuri.