Tandiko Kuukuu Lina Kazi Bado
(Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Sisi akina mama wa kikundi hiki tuna furaha kubwa kuwaona mmejaa namna hii. Tulipoanza tulikuwa wanawake 18, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki. Ilikuwa meri-go-raundi ya kununuliana sufuria na blanketi. Leo tuko 42, tuna akiba benki, tunakopeshana karo, na tuna kazi ya mikono ambayo wengi wenu huja kutuuliza habari zake. Ni kazi ya vifaa vya farasi vilivyochakaa. Leo tumeonelea tuieleze vizuri, kwa sababu mwishoni kuna jambo tutaomba wanachama waliamue.

Watu huuliza, akina mama wa Ngong na farasi, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Karen na Langata si mbali na hapa, na huko farasi ni wengi. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road uko pale tangu mwaka 1954. Kuna mahali watoto hufundishwa kupanda farasi, na kuna watu binafsi wanaofuga. Baadhi ya waume na vijana wetu ni masaisi huko, ndio wanaolisha farasi na kuwapiga brashi. Wao ndio walituambia kwamba matandiko yakichoka hutupwa stoo, yakaliwa na panya na kuota ukungu. Ngozi ya ng'ombe mzima imelala bure! Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tukaenda kuomba.

Tangu siku ya kwanza tuliweka sheria: hatuchukui hata mkanda mmoja bila barua yenye sahihi ya mwenye mali. Tandiko zima ni kitu cha bei, na hatutaki saisi yeyote apoteze kazi kwa ajili yetu. Tunalipa kidogo kwa kila gunia, barua inawekwa kwenye faili, basi.

Gunia likifika, kazi ya kwanza ni kuchagua. Hapa ndipo penye elimu yote. Tunashika ngozi na kuikunja polepole, upande wa nje ukiwa juu. Ikitoa nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi, hiyo imekufa, na mafuta hayawezi kuifufua. Halafu tunaangalia pale ngozi inapozunguka bizimu na pale penye matundu, kwa maana ndipo hukatika kwanza. Nyuzi tunazivuta kwa ukucha. Tandiko lenyewe tunalibana huku na huku. Ndani yake kuna kiunzi, na kiunzi kikilia au kikilegea ujue kimevunjika.

Basi tunapata mafungu matatu. La kwanza ni ngozi yenye nguvu, inayoweza kuvuta mzigo. La pili ni ngozi nzuri kwa macho lakini haifai kuvuta. La tatu ni vyuma, sufu na vitambaa. Na jambo moja tunalisema wazi: hatumuuzii mpanda farasi kitu chochote kutoka mafungu haya. Mkanda ukikatika farasi akiwa mbioni, mtu anaweza kuvunjika shingo. Kilichotoka kazini kwa sababu ya uzee hakirudi kazi ile ile.

Kusafisha nako kuna utaratibu. Ngozi haitiwi ndani ya beseni ikalowa. Tunapangusa kwa sifongo yenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya matandiko, tunaanika kivulini, na ikiwa bado na unyevu kidogo tunapaka mafuta membamba, tena na tena. Ukianika juani au karibu na moto, ngozi inakuwa kama kuni. Mablanketi ya farasi ni kinyume chake: hayo ni maji moto, sabuni na jua kali, kwa sababu choa husafiri kwa blanketi na mikanda kutoka mnyama hadi mnyama, hata kwa binadamu.

Kushona tunashona kwa mkono. Cherehani ya nyumbani haipenyi ngozi ya tandiko. Tunatoboa kwa msharasi, halafu tunapitisha sindano mbili katika kila tundu, moja kutoka kila upande, kwa uzi uliopakwa nta. Uzi mmoja ukikatika, wa pili unashika. Fundi wa viatu wa hapa sokoni ndiye aliyetufundisha, na tunamshukuru sana.

Sasa tuseme vinakuwa nini. Mikanda inayoning'iniza vikuku, kule mpandaji anakotia miguu, inakuwa mikanda ya suruali. Matundu tayari yako. Hatamu zinakuwa kamba za kuongozea mbwa na vishikio vya mikoba. Yale mabawa mapana ya tandiko yanatoa mifuko, ala za visu na nyayo za kandambili. Vikuku vyenyewe tunapigilia ukutani vikawa vya kutundikia makoti na taulo. Viatu vya farasi vijana wa jua kali hutukunjia vikawa kulabu. Mablanketi ya turubai yanakuwa aproni na vifuniko vya mizigo. Hata kipande kidogo kabisa hakitupwi. Hicho kinakatwa washa ya pampu ya baiskeli.

Lakini akina mama, kazi kubwa kuliko zote ni ya punda. Hapo tunaomba mtusikilize.

Nyote mnajua maji ya hapa yanafikaje nyumbani. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua ilikosa msimu baada ya msimu, ng'ombe wakaisha Kajiado hii tukiona kwa macho. Punda ndiye aliyebaki akivuta mkokoteni wa mitungi, na safari ilikuwa ndefu kuliko zamani. Na huyo punda tulikuwa tunamfunga kwa nini? Kamba ya nailoni na vipande vya tairi. Nailoni inakata kama kisu. Tairi linatosa jasho chini yake mpaka ngozi inachubuka. Kidonda kikiwa kifuani, mnyama hawezi kuvuta. Akikaa siku kumi, ni siku kumi bila maji ya kuuza, na siku ya mkutano mwanachama anakuja mikono mitupu, anaona haya, anaanza kukwepa. Tumeona wanachama wakitaka kuacha chama kwa sababu ya kidonda cha punda. Si mzaha.

Tena punda wenyewe wamepungua. Hesabu ya taifa ya 2009 ilipata punda kama milioni 1.8 hapa Kenya. Ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa, ngozi zikapelekwa Uchina kutengenezewa dawa, na wizi wa punda ukaingia vijijini. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara hiyo kwa miaka 15. Ni vizuri. Lakini makubaliano hayamponyi punda aliye na kidonda nyumbani kwako.

Sasa angalieni mshipi wa tumbo wa farasi, ule unaofunga tandiko. Ni mpana, laini upande wa ndani, na ulitengenezwa makusudi ukae mwilini bila kukata. Huo tunamvisha punda kifuani. Unakaa chini ya koromeo ili usimkabe, na juu ya kiungo cha bega ili usimzuie kupiga hatua. Mgongoni tunaweka mito miwili ya sufu iliyotoka ndani ya tandiko, tukaifua na kuichambua. Mto mmoja unakaa kulia na mwingine kushoto, na katikati tunaacha mfereji ili uti wa mgongo usiguswe. Nyuma tunapitisha mkanda wa matakoni, ili kwenye mteremko punda azuie mkokoteni kwa mwili wake, usimgonge miguu. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hatumwekei. Punda wetu huongozwa kwa kamba ya kichwani, na inatosha.

Wanachama wa kwanza kuvisha punda wao mikanda hii wako hapa, waulizeni. Ukifunga vizuri na kumpunguzia mzigo, vidonda hukauka na manyoya hurudi. Husemwa fadhila ya punda ni mateke. Sisi tunasema mateke mengine ni ya uchungu. Muondolee uchungu, uone.

Na sasa lile jambo lenyewe. Kuna mfanyabiashara wa Nairobi ambaye anataka kununua ngozi yetu yote ya fungu la kwanza, ashone mikoba ya watalii. Bei yake ni nzuri, hatukatai. Baadhi ya wanachama, hasa wasio na punda, wanasema tuuze yote tugawane. Hoja yao ina haki, maana wao pia wanaamka alfajiri kushona.

Kamati inapendekeza hivi. Kwanza, kila punda wa mwanachama apate mikanda kamili. Pili, majirani wapewe kwa mkopo wa miezi mitatu. Tatu, kinachobaki kiende Nairobi, pamoja na fungu la pili lote ambalo linafaa mikoba bila shida, na faida igawanywe sawa kwa wote, mwenye punda na asiye naye. Sababu yetu ni moja. Pesa ya mkoba ni ya mara moja, inaliwa inaisha. Punda mzima analeta maji kila siku, na asiye na punda ndiye anayeyanunua. Pia mchango wa kila wiki, ambao ndio chama chenyewe, kwa wengi wetu unatoka kwenye mkokoteni huo. Tukiuza mikanda tutakuwa tumeuza akiba yetu kwa mlango wa nyuma. Kila mwanachama atapiga kura kwenye mkutano mkuu, na neno la wengi ndilo litakalofuatwa.

Tunawashukuru masaisi, wenye farasi waliotufungulia stoo zao, daktari wa mifugo aliyekuja kutuonyesha mkanda unakaa wapi, na waume wetu waliozoea harufu ya mafuta ya ngozi ndani ya nyumba. Kazi zetu zimepangwa juu ya meza pale chini ya mti, na punda wawili waliovalishwa wamefungwa kando. Karibuni mshike, mvute, mkague mshono, na mwenye gunia la mikanda ya zamani nyumbani asiichome.

Haba na haba hujaza kibaba.