MTOTO WA MASKINI NA FUNZO LA MATOMBO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Huenda mkauliza: sisi watu wa visiwani tuna habari gani na Matombo, huko milima ya Uluguru, katika Morogoro? Jawabu ni kuwa wakulima wa kule hupanda migomba, na pia viungo kama sisi: pilipili manga, mdalasini na karafuu. Umaskini wa mtoto wa mkulima haukatwi na bahari.

Katika miaka ya 1950 Serikali ya Kiingereza iliona mvua inachukua udongo wa milima ile, ikaamrisha watu wachimbe matuta ya ngazi. Ilidai kuwa nia ni kuhifadhi ardhi, ili vizazi vijavyo vipate kula. Lakini wenye ardhi hawakusikilizwa. Udongo wenye rutuba ulifukiwa, usiozaa ukaja juu. Kazi ikawa nzito na mavuno haba. Mwezi wa Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Ghasia zikazuka, polisi wakapiga risasi, mtu akauawa. Ndipo mradi ukaachwa.

Tuyakumbuke hayo tunapozipima siasa za zama zetu. Mwaka 2012 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mpango wa kunusuru kaya maskini, bara na visiwani, na kaya zaidi ya milioni 1 zikaandikishwa. Sharti lilikuwa kwamba mtoto asikose shule, na mchanga apelekwe kliniki. Katika awamu ya kwanza, fungu la mtoto wa shule ya msingi lilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hatuzidharau fedha hizo. Chungu kitupu zilikitia unga. Wala hatusahau kwamba Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za Serikali bara.

Lakini tazameni sharti liliwekwa juu ya nani. Mtoto alipokosa kufika shule, mama yake alipunguziwa fungu. Je, mwalimu asipokuwapo, kliniki ikikosa dawa, au njia ya mlimani ikikatika wakati wa masika na ndizi zikaozea shambani, nani hupunguziwa? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tena, katika kijiji ambamo karibu wote ni maskini, kumwandika huyu na kumwacha yule huzaa kijicho na shaka ya upendeleo. Hapa Zanzibar, Aprili 2016, ilianza pensheni ya wazee: kila aliyetimiza miaka 70 akawa na haki ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe tajiri au maskini. Sisi wapinzani hatuoni haya kusema kuwa jema ni jema.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, mtoto naye awe na fungu lake kwa haki, bila ya kuchaguliwa. Pili, Serikali ijiwekee masharti kama ilivyomwekea mama maskini. Tatu, mkulima aulizwe kabla ya kuamrishwa, na apate njia na bei ya haki kwa mazao yake. Kwani ruzuku humlisha mtoto leo, bali jasho la mzazi lenye thamani humlisha siku zote.

Matombo walisema hapana kwa sababu hawakuulizwa. Nasi tuulizwe.