Kumchagulia Mtoto Mdogo Kitabu cha Picha



 

 Mtoto wa Karusandara huwa na lugha nyingi kabla hajang'oka jino la kwanza. Nyumbani husikia Kikonzo au Kitooro. Sokoni, na kwa wageni watokao Bwera na ng'ambo ya Kongo, husikia Kiswahili. Chuoni hufundishwa herufi za Kiarabu. Na shuleni chamngoja Kiingereza. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda wataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya kwao watoto. Lakini vitabu vya picha vilivyo mashuhuri duniani vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, basi mama akionyeshwa kimoja husema, "Hicho si changu, hicho ni cha mwalimu," akakirudisha. Na baba, ambaye pengine amesoma kuliko mama, husema hiyo ni kazi ya wanawake. Matokeo yake mtoto huingia darasani na hajapata kufunguliwa kitabu na mtu ampendaye.

Kosa liko hapo. Kitabu cha picha husomwa na watu wawili kwa pamoja: jicho la mtoto lasoma picha, na kinywa cha mkubwa chatoa maneno. Wala kinywa hicho hakikufungwa na lugha iliyopigwa chapa.

Wako wazee wenye shaka juu ya picha za vyenye roho. Shaka yao ina asili, kwani hadithi za kuwaonya wachora sura zimethibiti, na wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani. Lakini Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), wala hakukatazwa, na katika Abu Dawud imo habari ya farasi wake wa kuchezea, mwenye mabawa ya kitambaa. Mtume (S.A.W.) alimwuliza habari za farasi huyo, na alipojibiwa kwamba Nabii Sulaimani alikuwa na farasi wenye mabawa, alicheka hata magego yakaonekana. Kwa dalili kama hizi wanavyuoni wengi wamewaruhusu watoto vitu vya kuchezea na kujifunzia vyenye sura. Mzazi ambaye moyo wake haujatulia asilazimishwe, lakini naye asimharamishie jirani. Mpaka usiovukwa ni huu: kitabu kilichochora sura za Mitume kisiingie nyumbani, hata kikitolewa bure. Na adhaniye kwamba kisa cha mnyama asemaye ni uwongo wa kumpotosha mtoto, na amkumbuke mdudu chungu wa Surat An-Naml.

Sasa, kitabu kichaguliweje? Mama na akifungue katikati, ayafunike maneno kwa kiganja, ajaribu kukisimulia kwa picha peke yake. Akiweza, ni chake. Asipoweza, hata kama kimesifiwa na ulimwengu mzima, na akiache.

Kipo kitabu cha Eileen Browne kilichotoka Uingereza mwaka 1994 na kupendwa mno, kiitwacho Handa's Surprise. Handa ni msichana wa Kijaluo wa Kenya. Ajitwika kikapu chenye matunda saba ya namna mbalimbali, ampelekee rafiki yake Akeyo, na njia nzima awaza ni lipi Akeyo atakalolipenda zaidi. Maneno ya safari yake ni hayo tu. Bali picha yasema mengine: nyuma yake kima atwaa ndizi, mbuni atwaa pera, punda milia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, na wengine vivyo hivyo, hata kikapu kikabaki kitupu na mwenyewe hana habari. Kisha mbuzi aliyekata kamba aupiga kikumbo mti wa machenza, na machenza yajaa kikapuni. Hapo mtoto asiyejua herufi hata moja ajua jambo asilolijua Handa, na ambalo msomaji hakulitamka. Huruka akanyoosha kidole, akataka Handa aambiwe. Kima na tembo mtoto wa Kasese awajua. Tembo wa mbuga ya Queen Elizabeth, iliyowekwa mwaka 1952, wamejijulisha wenyewe kwa wakulima wa mahindi kwa namna isiyochekesha. Twiga na punda milia hawamo katika mbuga ile, basi hao atawajua kwa picha.

Kitabu cha Mmarekani Eric Carle, cha mwaka 1969, cha kiwavi mwenye njaa, kina umaarufu mkubwa zaidi, na kweli ni kizuri: kurasa zimetobolewa matundu pale kiwavi alipokula, na kidole cha mtoto hupenda kupita humo. Lakini kwa Kiswahili kina mtego. Kiwavi huanza siku ya Jumatatu kwa tofaa moja, Jumanne ala matunda mawili, Jumatano matatu, na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni siku ya tano, ala manne. Mtoto anayejifunza kuhesabu asikia "tatu" na kuona moja, asikia "nne" na kuona mawili. Basi mama na ahesabu matunda, siku aziache mpaka mtoto akue. Na Jumamosi, kiwavi anapokula soseji na nyama nyingine za Kizungu, si dhambi kuigeuza karatasi upesi.

Mwingine ni Muriel Feelings, Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, aliyefundisha nchini Uganda katika miaka ya 1960. Mwaka 1971 alitoa Moja Means One, kwa picha za Tom Feelings, ili watoto wa Marekani wajue kuhesabu kwa Kiswahili tangu moja hata kumi. Watoto wa kule walifundishwa kwa kitabu kile ambacho mtoto wa Karusandara huokota sokoni bila mwalimu. Moja yake ni mlima Kilimanjaro. Mama aweza kuutaja, kisha, siku isiyo na mawingu, akamtoa mtoto mlangoni na kumwonyesha theluji ya Ruwenzori.

Wakati mwema ni baina ya Magharibi na Isha, mtoto arudipo chuoni. Atataka kitabu kile kile cha jana na cha juzi, apewe. Na kwa kuwa amezoea juzuu, atakifungua kwa upande wa kulia, na kisa cha Handa kitaanza kwa machenza, kisha wanyama waonekane kama kwamba wamrudishia matunda yake moja moja. Asikemewe. Akimaliza kucheka, ageuziwe kitabu.